Mwembe wa Uani Usikuangukie: Kutunza Miti ya Nyumbani Huku Newala

Mwembe unaoangukia paa mwezi wa Machi, mara nyingi uliharibiwa Agosti. Kazi yangu ni kupogoa miti ya majumbani hapa Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na kila nikiitwa baada ya dhoruba nakuta kasoro zile zile mbili: ama mizizi imekaa juu juu, ama mti uliwahi kukatwa kichwa. Zote ni kazi ya mikono yetu.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Baada ya hapo ni jua, vumbi na maji ya kuhesabu kwa ndoo. Halafu angalia vimbunga vinavyokumbukwa huku kusini: kile kilichopiga Lindi mwaka 1952, Kenneth kilichoingia jirani zetu Msumbiji mwaka 2019, na Hidaya wa 2024. Vyote vilikuja Aprili au mwanzoni mwa Mei, wakati udongo umeshalowa na umelegea. Kwa hiyo maandalizi ni ya kiangazi.

Hatua ya 1: Mwagilia mara chache, lakini maji yazame

Kikombe kimoja kila jioni kinaufundisha mti kutafuta maji juu. Mche wa mwaka wa kwanza upe ndoo moja ya lita 20 kwa wiki, taratibu, siku moja. Kwa mti mkubwa usimwage shinani; mizizi inywayo iko pembezoni, chini ya ncha za matawi. Chimba kijifereji cha mduara hapo na umwage ndani yake. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa, ila yasiwe na sabuni nyingi wala chumvi.

Kisha tandaza majani makavu, unene wa kiganja. Yasiguse shina, acha nafasi ya shubiri moja, la sivyo gome litaoza na mchwa watapata mlango. Majani ya mkorosho ni mazuri, na watu wanayachoma kila asubuhi! Yanafagiliwa uani hadi udongo unabaki mtupu kama sakafu, halafu tunalalamika mwembe umenyauka.

Hatua ya 2: Pogoa, usikate kichwa

Hapa ndipo ninapogombana na wateja. Mtu anaogopa upepo, anaagiza mti ukatwe juu wote. Baada ya miezi michache yanachipua machipukizi mengi, marefu, yaliyoshikwa na gome tu, huku kidonda cha juu kinaoza kuelekea ndani. Baada ya miaka mitatu una mti wa hatari kuliko ule wa mwanzo.

Badala yake, punguza ndani ili upepo upite. Anza na matawi makavu, halafu yanayosuguana, halafu yale yaliyolalia bati. Usizidishe robo ya majani kwa mara moja. Mwembe na mkorosho usiuguse ukiwa na maua. Subiri umalize kuvuna.

Tawi nene linakatwa kwa mikato mitatu. Wa kwanza chini ya tawi, sentimita 30 hivi kutoka shinani, uingie theluthi moja tu. Wa pili juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, hadi tawi lianguke. Wa tatu ni wa kuondoa kisiki, nje kidogo ya ule uvimbe ulio kwenye maungio, si ndani yake. Mwaka wangu wa kwanza nilikata tawi la mwembe kwa mkato mmoja. Liliporomoka na kuchana gome hadi karibu na ardhi. Mwenye nyumba hakusema kitu. Aliliangalia tu.

Tumia msumeno, panga linapasua. Kidonda usikipake rangi wala oili chafu. Mti unajifunga wenyewe.

Hatua ya 3: Oktoba, zunguka mti

Tafuta panda lenye umbo la V nyembamba ambalo gome limebanwa katikati: hapo ndipo mti hupasukia. Tafuta uyoga shinani, nyufa, na udongo ulioinuka upande mmoja. Ukiona udongo umeinuka na mti umeanza kuinama, ita fundi. Kama matawi yako karibu na nyaya za umeme, usipande; watu wa umeme ndio wenye kazi hiyo.

Hatua ya 4: Mche mpya

Panda mvua zikishaanza kunyesha mfululizo, shimo la sentimita 60 kila upande, mbali na msingi wa nyumba. Ondoa kiriba (kile kifuko cha plastiki cha mche) chote na uinyooshe mizizi iliyojizungusha. Egemeza kwa vigingi viwili, ufunge kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, chini na kwa kulegea ili shina liyumbe kidogo na kukomaa. Baada ya mwaka mmoja, ng'oa vigingi.

Baada ya dhoruba

Tazama juu kabla ya kuingia chini ya mti, kuna matawi yaliyoning'inia. Mche ulioinama unaweza kuinuliwa siku hiyo hiyo, udongo ukiwa bado na unyevu, ukashindiliwa na kuegemezwa upya. Mti mkubwa uliong'oka mizizi usiuvute kwa kamba kuurudisha, hautashika tena. Ukate, na kuni zake zitafaa jikoni.