Jinsi ya kuziona fuwele za zirkonia zikibadilika umbo kwa eksirei

Kama umewahi kuchoma kidonge cha zirkonia safi (ZrO2, yaani oksidi ya metali ya zirkoni) ukakitoa kimejaa nyufa au kimevunjika kabisa, usilaumu tanuri, ni fuwele zenyewe zimegeuka umbo, na hilo unaweza kuliona kwa macho yako ukipata mashine ya eksirei yenye sehemu ya kupashia moto.

Anza unga ukiwa wa baridi. Tumia tyubu ya eksirei ya shaba, pima pembe ya thita mbili (pembe ambayo eksirei inapinda ikigonga fuwele) kuanzia nyuzi 27 mpaka 33 tu, inatosha. Kwenye grafu utaona vilele viwili, karibu na 28.2 na 31.5, hiyo ndo monokliniki, umbo la kwanza la fuwele: kila zirkoni ina oksijeni saba jirani na kasha la fuwele limeinama kama boksi lililosukumwa upande. Haya panda moto taratibu, ukifika kama 1170°C vile viwili vinazama na katikati yao, karibu na 30, kinachomoza kimoja kikubwa. Tetragonali hiyo, umbo la pili, oksijeni zimekuwa nane na kasha limesimama wima. Hakuna atomu iliyosafiri mbali, zote zimesogea kidogo tena kwa pamoja, ndo maana mabadiliko yanakuja haraka. Kubiki, umbo la tatu lenye kasha la mchemraba, iko juu ya 2370°C huko, tuiache.

Sasa tafadhali usizime mashine hapo, maana utamu wote uko kwenye kurudi! Endelea kupima wakati inapoa, utashangaa 1170 inapita na tetragonali bado ipo tu, mpaka karibu na 950 hivi ndo monokliniki inarudi, na ikirudi ujazo unaongezeka kama asilimia 4 hadi 5, yaani kitu kinapoa halafu kinatanuka, lazima kipasuke.

Ukitaka kisipasuke changanya itria (oksidi ya metali ya itriamu) kabla ya kuchoma. Moli 3 hivi kwa 100 tetragonali inabaki mpaka joto la kawaida, ndo ile wanayotengenezea meno ya bandia, na ukifika 8 unapata kubiki. Hizi mbili usizitofautishe pale kwenye 30 kwa sababu zinafanana mno, nenda 72 mpaka 76, tetragonali kilele kinapasuka vipande na kubiki kinabaki kimoja.

Na ukishachoma usije ukasaga kwa nguvu kwenye kinu ili upate unga wa kupima, ule msukumo wenyewe unageuza sehemu ya tetragonali kuwa monokliniki, utaandika kwenye ripoti kitu ambacho tanuri halijakifanya.