Choroko za mchana: nyanya zisubiri
Jamani mnaopika choroko, nyanya zisitangulie. Uchachu wake unachelewesha punje kulainika. Mkaa unaisha na choroko bado zinagonga meno. Mimi naloweka vikombe 2 usiku, asubuhi namwaga yale maji, nabandika na maji mapya bila kitu kingine. Nikibonya punje kwa vidole ikapondeka, ndipo natia kitunguu, nyanya, karoti, na vijiko 3 vya karanga za kusaga nilizokoroga kwanza kwenye maji ya vuguvugu. Ukizitia kavu zinafanya mabonge. Dakika 10 moto mdogo, mwiko usitoke mkononi maana karanga hushika chini upesi.

Pembeni weka michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa) ya kuchemsha, au ugali na mchicha. Kamulia limau ukishaepua: vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye choroko na mboga. Chai iache hadi baadaye, yenyewe inayazuia.

Hapa Mwanza lazima mtu aulize sato, samaki wa ziwani, yuko wapi. Mpe bakuli kwanza. Zikibaki, jioni zinakuwa nzito, na kwa chapati ni tamu kuliko za mchana.