Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kufunga Nimfu ya Nzi-mawe

Kwa mvuvi anayejiandaa kwenda kuvua samaki aina ya trauti katika Mto Madison, nchini Marekani, kazi ya kutengeneza chambo bandia cha nimfu ya nzi-mawe, yaani mdudu huyo akiwa bado hajakomaa, huanza kabla uzi haujagusa ndoana.

Kwanza mfahamu mdudu mwenyewe. Nzi-mawe mkubwa wa mito ya magharibi mwa Marekani, ambaye wanasayansi humwita Pteronarcys californica, huishi majini miaka 3 hadi 4 akiwa nimfu, akitambaa kati ya mawe na kula majani yanayooza, mpaka anafikia urefu wa takribani sentimita 5. Kuogelea si kazi yake. Maji yakimng'oa, mkondo humburura karibu na sakafu ya mto, na huko ndiko trauti wanakomsubiri. Kwa hiyo chambo chepesi hakifai, hata kiwe kimefungwa kwa ustadi namna gani.

Andaa ndoana yenye shina refu, namba 4 hadi 8, pamoja na waya mzito usio wa madini ya risasi, kwa kuwa mto huo unaanzia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone, ambako vifaa vya uvuvi vyenye risasi vimepigwa marufuku na kile kijino cha nchani kinachomzuia samaki asichomoke ni lazima kilazwe. Kibane kwa koleo ndoana ikiwa bado tupu. Mimi niliwahi kukibana baada ya kumaliza kila kitu. Nikasikia mlio mdogo, ncha ikakatika, na kazi ya jioni nzima ikapotea.

Waya nao usiuzungushe kwenye shina. Kata vipande 2 vifupi kuliko shina, ukiacha milimita 3 nyuma ya tundu la ndoana, uvilaze kimoja kila ubavu, uvikaze kwa uzi na gundi, kisha usubiri ikauke kabisa. Mwili wa nimfu hii ni bapa, na hapo ndipo ubapa wake unapopatikana.

Shenili, yaani uzi mnene wenye manyoya, ya kahawia iliyochanganyika na nyeusi inatosha kwa mwili. Nyuzi za mpira zikate mapema: miguu jozi 3, mikia 2 na vipapasio 2.

Tenga vifaa vya vyambo 6 angalau, maana mawe ya chini huvinasa vingi, na ukivifunga kwa uzito tofauti, uchague uzi wa rangi tofauti wa kumalizia kichwa kwa kila uzito, ili ukiwa mtoni uvitambue kwa kutazama tu.