SOMO: Kagua mfuko wako wa pensheni wa kazini (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila msimu wa mikutano ya pensheni swali ni lile lile hapa Kenya, kutoka Nakuru hadi Mumias: "Pesa yangu iko salama?" Mimi ni mdhamini, yaani mmoja wa wanaousimamia mfuko kwa niaba ya wanachama, niliyechaguliwa na wafanyakazi wenzangu, na kumjibu kila mtu peke yake kumenichosha. Somo hili ni la mifuko ya michango, ile ambayo mafao yako hutegemea kilichochangwa na faida yake. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, tuiache kwa siku nyingine.

1. Omba taarifa yako ya mwaka. Ni haki yako, usiombe kama msaada.

2. Kagua jina, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuajiriwa na majina ya warithi. Kama umeoa au umefiwa tangu ujaze fomu, jaza upya.

3. Fuata pesa yako hadi benki. Hapa tulia, maana ndipo watu huumia. Makato kwenye hati ya mshahara yanathibitisha kwamba pesa imetoka kwako, basi. Kufika ni jambo jingine. Mwajiri anatakiwa kuiwasilisha kufikia tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Hata taarifa yako inaweza kuonyesha michango ya miezi yote 12 huku sehemu yake ikiwa ni deni tu, kwa sababu aliyeiandaa ameandika kinachostahili kuingia.

Kwa hiyo omba hesabu zilizokaguliwa za mfuko mzima, utafute mstari wa michango ambayo mwajiri anadaiwa. Kama mwaka wa mfuko hufungwa Desemba, deni la mwezi mmoja halina neno, kwani mchango wa Desemba huingia Januari. Likifikia miezi mitano au sita, pana shida. Safu ya pembeni ina hesabu za mwaka uliotangulia. Linganisha: deni linapanda au linashuka?

Tahadhari: usitulizwe na barua ya mwajiri ya kuahidi kulipa. Wadhamini waulizwe taarifa ya mtunza mali, yaani benki inayoshikilia mali ya mfuko. Na usingoje kampuni iyumbe ndipo uanze kuuliza. Ukanda wetu wa miwa una wazee waliokatwa mshahara miaka mingi na hadi leo wanafuata haki yao.

4. Piga hesabu ya gharama. Jumlisha ada za meneja wa uwekezaji, mtunza mali, msimamizi wa kumbukumbu, mkaguzi na wadhamini, kisha ugawe kwa thamani ya mfuko. Asilimia moja si ndogo hata kidogo. Mchango wa shilingi 10,000 kila mwezi kwa miaka 30, ukikua kwa asilimia 10 kwa mwaka, hufika takriban milioni 22.6. Ukikua kwa asilimia 9, ni milioni 18.3. Hizo milioni nne na ushee zingekujengea nyumba. Lakini ada ya chini peke yake haitoshi: meneja wa bei nafuu anayeleta faida duni ni hasara vilevile.

5. Wajue wadhamini wako. Katika mfuko wa michango, angalau nusu yao huteuliwa na wanachama. Uliza kama kuna mwenye maslahi katika kampuni zinazolipwa na mfuko.

6. Hudhuria mkutano mkuu wa mwaka. Sera ya malipo ya wadhamini huidhinishwa hapo, kwa hiyo ukikaa nyumbani wengine watakuamulia.

7. Ukizungushwa, waandikie wadhamini barua, ubaki na nakala, kisha upeleke malalamiko kwa RBA, mamlaka inayosimamia mifuko hii.

MASWALI

Odhis wa Kondele: Nimepitia juu juu. Kwa kifupi, yangu iko salama?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Odhis wa Kondele: Mbona mkali hivyo? Mdosi wetu ni mtu mzuri.

Mwandishi: Sijasema ni mbaya. Kama pesa imefika, taarifa ya benki itaonyesha. Iombe.

Mama Chebet, Njoro: Asante sana. Mfuko wetu uko kwa kampuni ya bima, na mwaka huu wametangaza riba ya chini kuliko ya mfuko wa kaka yangu Eldoret. Tumepunjwa?

Mwandishi: Swali zuri, mama. Kwanza ujue aina ya mfuko. Katika ule wenye dhamana, kampuni ya bima hukuahidi kiwango cha chini na kubeba hasara ya mwaka mbaya, lakini huweka akiba sehemu ya faida ya mwaka mzuri. Mwingine huwapa wanachama faida yote, na hasara pia ni yao. Kwa hiyo msilinganishe mwaka mmoja, chukueni miaka mitano. Pia muulize kama riba hiyo ni kabla au baada ya ada, kwa sababu hapo ndipo ndugu wawili hubishana bure.

Fundi wa Kakamega: Sisi tuko ishirini tu. Tuanzishe mfuko wetu?

Mwandishi: Gharama zitawala. Angalieni mfuko wa mwavuli, ambapo waajiri wengi hugawana gharama.

Dada wa Naivasha: Nimeacha kazi. Nichukue yote?

Mwandishi: Kabla ya umri wa kustaafu hutapewa yote, sehemu ya mchango wa mwajiri hubaki. Unaweza kuhamishia pesa kwenye mfuko wa kazi mpya au wa mtu binafsi, nami ningehamisha.

Mama Chebet, Njoro: Na nyumba je? Nasikia mtu anaruhusiwa.

Mwandishi: Ndiyo, tangu 2020: hadi asilimia 40 ya mafao yako, isizidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya kuishi. Na mkiweza kuongeza mchango wa hiari, tangu mwisho wa 2024 jumla ya michango yako ya hadi shilingi 30,000 kwa mwezi haitozwi kodi ya mapato. Awali ilikuwa 20,000. Ongea na afisa wa mishahara kabla hajafunga mwezi.