Kuifikisha simu janja miaka mitano: betri, tundu la chaji na nafasi

Simu nyingi hutupwa kabatini zikiwa bado nzima. Betri imechoka, tundu la chaji limejaa uchafu au nafasi ya kuhifadhi picha na video imeisha, na yote matatu yana dawa.

Tuanze na betri, maana ndiyo huchoka kwanza. Adui yake mkubwa ni joto. Apple wanashauri simu itumike kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 35. Kwa mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, hewa peke yake imeshakaribia hapo, achilia mbali simu iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari. Usichaji chini ya mto, wala huku unacheza gemu. Ukigusa mgongo wa simu na kuhisi joto, chomoa chaja, vua kava, zima data, iweke kivulini. Usiitie kwenye friji: ikitoka huko, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani yake.

Pili, betri haipendi kulala imejaa kabisa wala kuisha kabisa. Ichezeshe kati ya asilimia 20 na 80. Simu nyingi za sasa zina sehemu ya kuweka kikomo cha 80 kwenye mipangilio ya betri, iwashe. Kutumia nusu ya chaji leo na nusu kesho ni mzunguko mmoja kamili. Betri za iPhone 14 na za nyuma yake zimeundwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko 500; kuanzia iPhone 15 ni 1,000. Anayemaliza chaji nzima kila siku hufikisha 500 kabla ya mwaka mmoja na nusu.

Simu ikizimika ghafla ikiwa na asilimia 20 au 30, badilisha betri, usibadilishe simu. Kioo au mfuniko wa nyuma ukianza kuinuka, betri imevimba: acha kuchaji papo hapo, usiibonyeze wala kuitoboa, mpelekee fundi. Kwa fundi, hifadhi nakala ya vitu vyako kwanza, kisha linganisha maandishi ya betri mpya na ya zamani. Ukubwa uleule lakini mAh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) maradufu? Hiyo ni feki, ikatae. Na mwambie aweke gundi mpya pembeni, ingawa simu ikishafunguliwa usiitegemee tena kuzuia maji.

Waya wa chaja ukichomoka ovyo, usikimbilie kubadilisha sistimu chaji, yaani sehemu ya ndani yenye tundu la chaji. Mara nyingi ni vumbi na nyuzi za mfukoni zilizoshindiliwa chini ya tundu. Zima simu, mulika kwa tochi, kwangua taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao. Tundu la USB-C lina kiulimi chembamba katikati. Pita kandokando ya kuta, usikiguse. Sindano huharibu njia za umeme, na kupuliza kwa mdomo huingiza mate. Ikishindikana, jaribu waya mwingine, ndipo umwone fundi. Kwenye simu nyingi za Android sehemu hiyo ni kipande kidogo cha saketi cha peke yake, hivyo usikubali kuambiwa simu nzima imekufa.

Ikiingia maji, zima na usichaji. Mchele hauvuti maji ya ndani, na unga wake huingia tunduni. Maji ya bahari yanataka fundi siku hiyohiyo, kwa sababu chumvi huendelea kula shaba hata simu ikikauka.

Nafasi: fungua WhatsApp, Mipangilio, Hifadhi na data, ufute video kubwa, kisha zima upakuaji wa moja kwa moja.

Kabla ya kununua, uliza masasisho ya usalama (yanayoziba mianya ya wadukuzi) yatatolewa hadi mwaka gani. Pixel 8 ya Google na Galaxy S24 ya Samsung ziliahidiwa miaka 7. Simu nyingi za bei nafuu hupata michache tu. Yakikoma, usisakinishe programu nje ya Play Store, na programu za benki zihamishie kwenye simu nyingine.