Kabla hujaisoma CSV kwa Python

Usikimbilie kuandika skripti. CSV ni jedwali lililohifadhiwa kama maandishi, kolamu zikitengwa kwa alama kama koma. Lifungue faili kwanza kwa Notepad au kihariri chochote cha maandishi, si kwa Excel. Excel ina kiherehere: namba ya simu inayoanza na 07 inaichukulia kuwa hesabu, inaimeza sifuri, na ukihifadhi tu, sifuri imekwenda. Wanasayansi wa jeni nao iliwachosha. Mwaka 2020 miongozo ya majina ya jeni za binadamu iliibadili MARCH1 kuwa MARCHF1, maana Excel ilikuwa ikiigeuza tarehe.

Tazama mstari wa juu. Kolamu zimetengwa kwa koma au kwa nukta-mkato? Faili lililotoka kwenye kompyuta yenye mipangilio ya Kifaransa au Kijerumani mara nyingi huja na nukta-mkato, kwa kuwa huko koma ni ya desimali. Hapo utaandika `delimiter=";"` unapoita `csv.reader` au `csv.DictReader`.

Kuna jambo lililonila jioni nzima. Kolamu ya kwanza inaitwa `jina`, naiona kwa macho yangu, lakini Python inang'ang'ania `KeyError: 'jina'`, yaani haioni kolamu ya jina hilo. Nilipochapisha orodha ya vichwa nikakuta `'\ufeffjina'`. Excel ikihifadhi kwa "CSV UTF-8" huweka alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili. Dawa yake ni `encoding="utf-8-sig"` ndani ya `open`, basi. Papo hapo ongeza `newline=""`, la sivyo ukiandika ukiwa Windows utapata mstari mtupu baada ya kila mstari.

Na `split(",")`, inayokata mstari kila penye koma, achana nayo. Anwani kama "Mtaa wa Congo, Kariakoo" itakatwa vipande viwili na kila kinachofuata kitahama kolamu. Moduli ya `csv` inazijua alama za kunukuu, itumie.

Kumbuka pia kwamba `csv.DictReader`, inayosoma kila mstari kwa majina ya kolamu, inakupa kila thamani kama maandishi, hata namba. Michango miwili ya "5000" ukiijumlisha bila `int()` inakuwa "50005000", na mhazini wa kikundi atakuuliza. Kama mtu aliandika "5,000", ondoa koma kabla ya kugeuza. Namba za simu ziache zibaki maandishi.

Kwenye kuandika, jihadhari na `"w"`: hulifuta faili papo hapo linapofunguliwa, hata kabla hujaandika herufi moja. Skripti ikianguka katikati, data ya zamani huna na mpya haijakamilika. Andika kwenye faili la jina jingine, lisome tena uhesabu mistari, ndipo uite `os.replace` ili lichukue nafasi ya lile la zamani.