Namna ya kujifunza jazi kwa Fundi Negri

Watoto wengi wa Marekani waliokua kati ya mwaka 1968 na 2001 walimjua Joe Negri kama fundi. Katika kipindi cha televisheni cha Mister Rogers' Neighborhood, yeye ndiye aliyeitwa kitu kilipoharibika katika nchi ya kubuni iliyotawaliwa na Mfalme Friday wa Kumi na Tatu, mwanasesere mwenye taji na maneno makubwa. Na katika kipindi hicho hicho alikuwa pia na duka la vyombo vya muziki. Nje ya studio, mtu huyo alikuwa mpiga gitaa la jazi mashuhuri wa Pittsburgh, mji aliozaliwa mwaka 1926. Sisi wenye Kiswahili hatuhitaji majina mawili ya kumtaja, kwa kuwa neno fundi linamfaa mwenye nyundo na linamfaa vilevile aliyebobea katika kazi yake.

Ninampenda mzee huyu, wala sioni haya kulisema. Ninafundisha gitaa kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Katuba, mjini Lubumbashi, Kongo, na kila ninapotafuta namna ya kumweleza mwanafunzi kwamba muziki mgumu unaweza kupigwa kwa upole, narudi kwake. Mwongozo huu ni wa kijana wa Lubumbashi mwenye gitaa, hata likiwa la kuazima, anayejua akodi chache, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, za kanisani au za rumba na anayetamani kuingia katika jazi.

Kabla ya kugusa nyuzi, mfahamu kwanza mtu mwenyewe. Negri alifundisha gitaa la jazi katika Chuo Kikuu cha Duquesne na katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, aliandika kitabu cha mafunzo ya kubuni muziki papo hapo kwa gitaa, na kwa miaka mingi aliongoza muziki katika kituo cha televisheni cha WTAE mjini humo. Fred Rogers, mwenye kipindi, alipomwomba awe fundi wa ufalme ule, Negri alimweleza kwamba hakuwa na ustadi wowote wa kutengeneza vitu, na Rogers akamtuliza kwa kumwambia kwamba yote yangekuwa ya kuigiza. Kisa hiki nakisimulia kwa kila mwanafunzi mpya, maana kinamwonyesha mtu aliyekubali kazi asiyoizoea, akadumu nayo zaidi ya miaka 30, na gitaa lake halikuwekwa kando hata siku moja. Mji wake nao hautakuwa mgeni kwako. Pittsburgh ulikuzwa na chuma cha pua kama Lubumbashi ilivyokuzwa na shaba, na aliyekulia hapa kwetu akiutazama kila asubuhi ule mlima mweusi wa mabaki ya madini na bomba refu la moshi kando yake anajua vizuri jinsi watu waliotoka kazini wanavyohitaji muziki jioni.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza, na hapa ndipo vijana wengi hukosea, kwa sababu hujaza simu zao nyimbo 40 na kutoijua hata moja. Chagua rekodi moja ya Negri, iwe ya polepole, uipakue wakati mtandao ni mwepesi, kisha ukae nayo siku 7. Siku ya kwanza fuata melodi peke yake. Siku ya pili fuata besi. Siku ya tatu sikiliza mahali anaponyamaza, kwa maana mpiga gitaa wa jazi hupumua kama mwimbaji, na kimya chake ni sehemu ya maneno yake. Siku zinazobaki ni zako, lakini usibadilishe wimbo.

Tafuta pia vipindi vyenyewe vya Rogers, hata kama Kiingereza hukifahamu. Muziki wake ulipigwa papo hapo wakati wa kurekodi, chini ya uongozi wa mpiga piano Johnny Costa, na Costa hakuwapunguzia watoto kitu: aliwapigia jazi ile ile ambayo angewapigia watu wazima, yenye mbio na mapambo yote, nao wakaipokea kwa kuwa hakuna aliyewaonya kwamba ni ngumu. Jambo hili ninaliona kuwa kubwa kuliko mbinu yoyote ya vidole.

Hatua ya pili ni kuimba. Melodi usiyoweza kuiimba huijui, hata kama vidole vyako vinaipiga. Weka gitaa chini, imba wimbo wote kwa do-re-mi au kwa sauti tupu, kisha tafuta kila noti kwenye uzi mmoja tu, ukipanda na kushuka shingo ya gitaa, ili sikio ndilo liongoze mkono. Mwanafunzi wangu mmoja, baada ya kumsikiliza Negri akipiga wimbo wa polepole, aliniuliza, “Baba, huyu mzee mbona hakimbii? Hawezi?” Nilimwomba aimbe alichokisikia. Aliimba vipande viwili, akapotea kwenye cha tatu, akarudi mwanzo, akapotea tena, na jioni hiyo hakuuliza tena habari za mbio.

Hatua ya tatu inahitaji uvumilivu zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Jazi imejaa safari moja fupi ya akodi tatu, ambayo katika ufunguo wa Do huanza na Re ndogo yenye noti ya saba, ikapita kwenye Sol yenye noti ya saba, ikafika nyumbani kwenye Do kubwa yenye noti ya saba. Kijana aliyezoea akodi za nyuzi sita hushika zote kwa nguvu na kuruka kutoka moja hadi nyingine, na mruko huo husikika. Wewe shika noti mbili tu. Tumia uzi wa nne, yaani ule wa Re, na uzi wa tatu, ule wa Sol, na nafasi za shingo uzihesabu kuanzia kichwa cha gitaa. Kwa akodi ya kwanza, bonyeza uzi wa nne kwenye nafasi ya 3, upate Fa, na uzi wa tatu kwenye nafasi ya 5, upate Do. Kwa akodi ya pili, Fa usiiguse kabisa, ila Do ishushe nafasi moja, hadi ya 4, iwe Si. Kwa akodi ya tatu, sasa Si ndiyo inayotulia, na Fa inashuka nafasi moja, hadi ya 2, iwe Mi.

Rudia polepole na utazame mkono wako. Katika safari nzima kidole kimoja kimesogea nafasi moja, kisha kingine kimesogea nafasi moja, basi. Lakini sikio limesikia kuondoka, wasiwasi na kufika. Sababu ni kwamba noti ya tatu na noti ya saba, ukihesabu kutoka noti inayoipa akodi jina, ndizo zinazobeba tabia ya akodi, hivyo besi ikiachiwa mwenzako, au hata ikiachwa kabisa, msikilizaji bado anajua mko wapi. Piga hivyo dakika 10 kila siku, ukigonga mguu chini, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza huku ukipiga. Umeme ukikatika ni heri, kwa kuwa gizani macho huacha kuusimamia mkono. Ukiizoea, hamisha safari hiyo nzima nafasi mbili juu, uwe katika ufunguo wa Re, kisha endelea hivyo hadi shingo iishe.

Usidhani kwamba ni lazima uache muziki wa nyumbani ili ujifunze haya. Katanga, eneo letu hili, ina shule yake ya gitaa, na wapigaji wake wakuu hawana deni kwa mtu. Mwenda Jean Bosco, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada, gumba likishika besi na shahada ikicheza melodi juu yake, hata ukadhani wako wawili. Mkono wa kulia uliolelewa hivyo tayari unajua kutenganisha sauti. Ongeza basi noti mbili za hatua ya tatu katikati, kati ya gumba na shahada, na utakuwa na tabaka tatu kwenye gitaa moja. Wapiga jazi hutafuta jambo hilo kwa miaka mingi, na wewe umezaliwa jirani nalo.

Hatua ya mwisho ni kumpigia mtoto. Baada ya miezi miwili au mitatu, mwite mdogo wako au mtoto wa jirani, umpigie wimbo wako wote bila kuurahisisha na bila maelezo marefu. Mtoto hapongezi kwa adabu. Akichoka anaondoka, na akipendezwa anasogea hadi magoti yake yaguse gitaa. Akitaka kushika, mwachie ashike, hata kama vidole vyake vina mafuta ya kitumbua.

Jumamosi iliyopita alikuja binti wa miaka 6, mtoto wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye hajawahi kufundishwa. Nilibonyeza Fa na Do, nikashusha Do ikawa Si, nikanyamaza hapo. Alisubiri, akanitazama, kisha akaweka kidole chake juu ya changu cha uzi wa nne na kukisukuma kuelekea kichwa cha gitaa. “Hapa,” alisema, “peleka hapa.” Nikakipeleka.